Uchumba Ulioanzia Kibera

Mtu akisimama kando ya barabara ya Mbagathi, mjini Nairobi, akaelekeza macho yake upande wa magharibi, huona kwanza majumba ya ghorofa, na ng'ambo yake mabati yenye kutu yaliyotanda mpaka upeo wa macho. Hapo ndipo Soweto East, kijiji kimojawapo katika vile vinavyofanya mtaa wa Kibera. Jina lake limeazimwa kutoka ule mtaa mkubwa wa Waafrika ulioko Johannesburg. Jamaa zake ni Laini Saba, Silanga, Lindi, Mashimoni, Makina, Kisumu Ndogo, Kianda, Gatwekera na vinginevyo, na mgeni asiye na mwenyeji hawezi kujua kijiji kimoja kinakwisha wapi na kingine kinaanza wapi.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 haikukubaliana na maneno hayo: waliohesabiwa walikuwa 170,070. Hata hivyo, watu hao ni wengi mno kwa eneo lile. Wa kwanza kukaa pale walikuwa askari Wanubi wa King's African Rifles na jamaa zao, nao ndio walioupa msitu ule jina la Kibra, ambalo kwa lugha yao maana yake ni msitu. Mwaka 1918 Serikali ya wakati ule ilitangaza kuwa eneo hilo, lenye ekari zaidi ya 4,000, ni la jeshi. Baadaye walikuja Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, Wakisii na wengine, kila mtu akitafuta kazi mjini na chumba cha bei nafuu cha kulalia. Msitu ukatoweka, vyumba vikazaa vyumba.

Chumba cha kawaida hakizidi sana futi 10 kwa futi 10. Kuta ni za udongo au za mabati, na pazia lililotundikwa katikati ndilo linalotenga kitanda na jiko. Humo hulala baba, mama na watoto, na pengine mjomba aliyekuja kutafuta kazi. Uchumba ni jambo linalotaka nafasi, na nafasi ndiyo isiyopatikana Soweto East. Kijana akitaka kusema na binti maneno mawili ya siri, atampeleka wapi? Kwao hakuna pa kukaa, na jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta husikika kana kwamba amekaa juu ya kitanda hicho hicho. Basi vijana huongea katika foleni ya maji, huku mitungi ikisogezwa kwa mguu. Huongea njiani wakirudi kutoka kanisani. Hutembea juu ya reli iendayo Kisumu, ambayo hupita katikati ya Kibera, nao hujua saa za garimoshi kuliko karani wa stesheni. Mambo ni hayo hayo huko Kawangware, isipokuwa hakuna reli.

Vijana wengi wamechumbiana hivyo, wakaoana, wakazaa, wala habari zao hazikuandikwa popote. Lakini yako mapenzi mamoja yaliyoanzia Kibera ambayo yamesomwa hata ng'ambo ya bahari, kwa sababu wenyewe waliyaandika kitabu. Nayo ni ya Bwana Kennedy Odede, kijana aliyekulia Kibera, na Bi. Jessica Posner, binti wa Kimarekani kutoka mji wa Denver katika jimbo la Colorado.

MTOTO WA KIBERA

Bwana Odede alizaliwa mwaka 1984, naye ni kifungua mimba katika watoto wanane. Umaskini wa nyumbani kwao haukuwa wa kukosa sukari katika chai. Ulikuwa wa kukosa chakula chenyewe. Alipokuwa bado mtoto mdogo aliondoka nyumbani akaishi mitaani Nairobi, akiokota chakula kama wale watoto ambao watu wa mjini huwaita chokora. Kusoma alijifundisha mwenyewe kwa magazeti makuukuu. Msomaji atafakari neno hilo: karatasi ambayo mwingine amekwisha kuifungia nyama au kuitupa jaani, kwake ilikuwa ndiyo shule. Baadaye Mmarekani mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya kujitolea alimpa vitabu vya habari za Nelson Mandela, Marcus Garvey na Martin Luther King, na kijana huyo akaanza kuona kuwa hata mtu asiye na kitu aweza kuwakusanya wenzake wakafanya jambo.

Mwaka 2004 alikuwa kibarua katika kiwanda, akipata kama dola moja kwa kazi ya saa kumi. Katika ujira huo aliweka akiba ya senti 20 za dola, yaani kama shilingi 16 za Kenya kwa hesabu ya wakati ule, akanunua mpira. Mpira ule ndio ulioanzisha chama cha vijana kiitwacho Shining Hope for Communities, ambacho watu hukiita kwa kifupi SHOFCO. Kwanza walicheza mpira. Baada ya mpira wakaketi wakaongea juu ya taabu za mtaa wao. Kisha wakaanza michezo ya kuigiza njiani, wakiwaonyesha watu kwa vitendo yale mambo ambayo hayatamkwi kwa urahisi: maradhi ya ukimwi, kupigwa kwa wanawake, kunajisiwa kwa watoto wa kike. Makao yao yalikuwa Gatwekera.

Liko jambo jingine katika maisha ya kijana huyu ambalo halina budi kutajwa, maana bila hilo habari ya uchumba wake haieleweki vizuri. Alipokuwa na umri wa miaka 16, siku moja alikuwa nje ya chumba chao akiosha vyombo. Akapita mama mmoja wa Kizungu katika wale watalii wanaokuja kuutazama umaskini wa Kibera kama waendavyo kuwatazama wanyama katika mbuga. Mama yule akampiga picha, akaenda zake. Kijana alijiona kama chui aliyefungwa tunduni. Miaka kumi baadaye, mwezi Agosti 2010, aliliandika jambo hilo katika gazeti la New York Times, akaukemea utalii wa namna hiyo waziwazi. Mtu aliyeumwa na jambo kiasi hicho, tena kwa muda mrefu hivyo, si mtu ambaye angefurahi upesi kumwona Mzungu mwingine akiingia mtaani na kusema anataka kujifunza maisha ya watu.

MGENI KUTOKA MAREKANI

Na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2007. Bi. Posner alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, kilichoko Middletown katika jimbo la Connecticut, chuo kilichoanzishwa mwaka 1831. Alikuja Kenya kwa muhula mmoja wa masomo, na kwa kuwa alipenda mambo ya michezo ya kuigiza, alijiunga na vijana wa SHOFCO ili wafanye kazi hiyo pamoja. Kukutana kwao, basi, hakukuwa katika dansi wala karamu. Walikutana kazini, mmoja akiwa kiongozi wa chama na mwenziwe akiwa mgeni aliyekuja kusaidia na kujifunza.

Wanafunzi wa ng'ambo wajapo Nairobi kwa masomo, desturi yao ni kukaa katika nyumba zenye maji na umeme, pamoja na jamaa wenye uwezo, kisha asubuhi kwenda mtaani na jioni kurudi. Bi. Posner hakutaka hivyo. Alisema atakaa Kibera penyewe, na akakaa, chini ya mabati yale yale waliyokaa vijana wa SHOFCO. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha desturi zote. Katika Kibera ya siku zile choo kilikuwa cha watu wengi, maji yalinunuliwa kwa mtungi, na usiku mtu hakutoka nje bila sababu. Watalii walikuwa wakikaa saa mbili au tatu wakaondoka na picha zao. Huyu aliondoka na nini? Aliondoka na ndoo asubuhi kwenda kutafuta maji kama wenziwe.

Maneno ya watu katika mahali kama pale ni rahisi kuyadhania. Wako wasemao kwamba kijana ameokota dhahabu. Wako wasemao kwamba Mzungu amechoka na raha za kwao, na akisha kushiba taabu za watu atarudi kwao. Tena wako akina mama, na hao ndio wenye maneno ya haki zaidi, ambao huuliza swali moja tu: huyu mtoto ana wazazi, nao wanajua aliko? Maswali ya jinsi hiyo hayaulizwi kwa ajili ya wageni peke yao. Binti wa Kikamba wa Soweto East akionekana na kijana wa Kiluo wa Gatwekera, huulizwa vivyo hivyo, na pengine kwa ukali zaidi.

Katika hali hiyo ndipo Bwana Odede na Bi. Posner walipopendana. Ni vema kusema hapa, bila kuficha, kwamba mapenzi kati ya mtu mwenye vingi na mtu asiye na kitu yana hatari yake. Mwenye kutoa hupenda kushukuriwa, na mwenye kupokea huchoka kushukuru. Kama binti angekuja kama mfadhili, na kijana angempokea kama mfadhili, pengine wangepata mradi mzuri lakini wasingepata uchumba. Kilichowaokoa, kwa kadiri mtu wa nje awezavyo kupima, ni kwamba chama kilikuwapo kabla ya mgeni kufika. Mpira ulikuwa umekwisha kununuliwa miaka mitatu kabla. Kijana alikuwa na kazi yake, watu wake na heshima yake mtaani, naye binti ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Na wala si wao waliokuwa wa kwanza kuvuka mpaka wa rangi. Marehemu Mzee Jomo Kenyatta alimwoa Bi. Edna Clarke huko Uingereza mwaka 1942, wakati wa vita. Seretse Khama wa Bechuanaland, nchi ambayo leo ni Botswana, alimwoa Ruth Williams mjini London mwaka 1948, na kwa sababu ya ndoa hiyo Serikali ya Kiingereza ilimzuia asikae katika nchi yake mpaka mwaka 1956. Lakini Seretse alikuwa mrithi wa kiti cha kifalme, na Kenyatta alikuwa msomi aliyekwisha kuandika kitabu. Jambo jipya katika habari hii ni kwamba mkutano ulikuwa Kibera, na kwamba aliyepiga hodi alikuwa ni binti.

MOTO WA MWAKA 2007

Uchaguzi Mkuu wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Desemba ilitangazwa kwamba Rais Mwai Kibaki ameshinda, na wafuasi wa mpinzani wake, Bwana Raila Odinga, hawakukubali. Bwana Odinga ndiye aliyekuwa Mbunge wa Lang'ata, na Kibera ilikuwa katika jimbo hilo. Kwa hiyo ghasia zilipozuka katika nchi, Kibera iliwaka miongoni mwa mahali pa kwanza. Nyumba na maduka vilitiwa moto. Reli ile ile ambayo wachumba walikuwa wakitembea juu yake iling'olewa. Kenya nzima walikufa watu zaidi ya 1,100, na wengine malaki walikimbia makwao, mpaka mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 kwa usuluhishi wa Bwana Kofi Annan.

Katika majuma yale kabila la mtu lilikuwa ndilo hukumu yake. Nyumba zenye mume wa kabila moja na mke wa kabila jingine zilipata taabu isiyosemeka, kwa kuwa hazikuwa na upande wa kukimbilia: ukweni wanatishwa kwa ajili ya mkwe, na nyumbani wanatishwa kwa ajili ya mke. Wachumba wengine walitengwa na wazazi waliokuwa wakila pamoja mwezi uliotangulia. Mtu atakaye kujua kwa nini vijana wa Kibera wa siku hizi husita kuwapeleka wachumba wao nyumbani kabla ya uchaguzi kwisha, jawabu lake liko katika Januari ile.

Bwana Odede, kama kiongozi wa vijana anayejulikana, alikuwa katika hatari kubwa. Hapo ndipo mapenzi yale yalipopimwa. Muhula wa masomo una mwisho wake, na mwanafunzi aliyerudi kwao ana masomo mengine, rafiki wengine na maisha mengine. Kusahau kungekuwa rahisi, wala hakuna ambaye angemlaumu sana. Bi. Posner hakusahau. Alimsaidia mwenzake kujiepusha na ghasia zile, na tena akafanya jambo lililochukua subira zaidi, yaani kumtafutia njia ya kuingia katika chuo kile kile alichosoma yeye. Mtu aliyejifundisha kusoma kwa magazeti makuukuu hana cheti cha kuweka mezani. Ana habari ya maisha yake tu, na barua za watu wanaomjua. Chuo cha Wesleyan kilimkubali, kikamsomesha bila malipo.

Wakenya wa makamo wakisikia habari ya wapendanao waliotenganishwa na bahari na masomo ya Marekani, hukumbuka uchumba mwingine. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyopangwa na marehemu Tom Mboya iliondoka Nairobi kwenda Marekani, na miongoni mwa waliosaidiwa kwenda kusoma ng'ambo siku zile alikuwa Bi. Pamela Odede, binti wa Bwana Walter Odede, yule kiongozi wa Kenya African Union aliyekamatwa mwezi Machi 1953 akawekwa kizuizini. (Kufanana kwa jina la ukoo na kijana wa Kibera kusimfanye msomaji atafute udugu.) Bi. Pamela alisoma katika chuo cha wanawake cha Western, huko Ohio, na Mboya alikuwa huku na huko katika shughuli za siasa na vyama vya wafanyakazi. Walioana Nairobi tarehe 20 Januari 1962. Siku zile barua ya ndege ilichukua majuma, na mchumba alijifunza kusoma hata yale ambayo hayakuandikwa. Mwaka 2008 kulikuwa na simu na barua pepe, lakini katika Kibera simu huhitaji umeme, na umeme huhitaji fedha. Kwa hiyo kungoja kulikuwapo vilevile.

MIDDLETOWN NA GATWEKERA

Sasa mambo yakageuka. Aliyekuwa mwenyeji akawa mgeni. Bwana Odede aliyejua kila kichochoro cha Gatwekera alijikuta katika nchi ya theluji, miongoni mwa vijana waliozaliwa wakiwa na vyumba vyao wenyewe, na chakula kilichobaki mezani kikitupwa. Binti ndiye aliyekuwa nyumbani. Ni jambo jema katika uchumba kwamba kila mmoja aonje ugeni katika nchi ya mwenziwe, na wengi waoanao kutoka makabila mbalimbali wangekuwa na ugomvi mchache kama mume angekaa ukweni mwezi mmoja tu, akapewa kazi kama mtoto wa nyumba.

Uchumba wa watu hawa haukuwa wa kutazamana macho. Mwaka 2009, mwaka ambao Bi. Posner alimaliza masomo yake, walifungua pamoja Kibera School for Girls, shule ya kwanza ya wasichana katika Kibera isiyotoza ada. Wazazi hawakuombwa fedha. Waliombwa kuitumikia shule kwa majuma matano kila mwaka. Jengo lake lilipakwa rangi ya samawati, hata likaonekana toka mbali kati ya mabati ya kutu. Kijana alikuwa bado darasani Marekani, shule ikikua Gatwekera.

Mwaka huo huo, mwezi Septemba, upande wa pili wa Kibera mambo mengine yalikuwa yakitendeka. Jamaa wa Soweto East walianza kuhamishwa kwenda katika nyumba mpya za Lang'ata, ili vibanda vyao vibomolewe na kujengwa majumba ya ghorofa chini ya mpango wa Serikali wa kutengeneza mitaa ya mabanda, uliozinduliwa mwaka 2004. Walingoja muda mrefu. Nyumba 822 zilizojengwa mahali pale zilikabidhiwa mwezi Julai 2016, baada ya takriban miaka saba. Katika miaka saba msichana wa miaka 15 hufika umri wa kuposwa, na wako walioondoka Soweto East wakiwa watoto wakarudi wakiwa na wachumba. Nyumba mpya zina vyumba vyenye milango. Mzazi aweza kumpokea mshenga akamkalisha kitini, na mazungumzo yakafanywa bila jirani kuchangia kutoka upande wa pili.

POSA

Jambo la posa katika Kibera lastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, maana ndipo mila zote hukutana. Kwa Waluo wa zamani alikuwapo jagam, mtu wa kati aliyezijua nyumba mbili na kupeleka maneno. Kisha huja ayie, fedha apewayo mama wa binti, na neno lenyewe maana yake ni “nimekubali”. Na baadaye ng'ombe wa baba, ndiyo nyombo. Kwa Wakikuyu posa huwekwa alama kwa kile kiitwacho kupanda tawi, ndipo mahari, yaani ruracio, yafuate. Mkamba hahesabu kuwa ameoa mpaka ametoa mbuzi wa ntheo. Watu wa pwani huleta barua ya posa kwa mkono wa mshenga. Basi afikirie msomaji kijana wa Kiluo amposapo binti wa Kikamba, wote wawili wamezaliwa Soweto East, wala hakuna kati yao aliyewahi kuchunga hata mbuzi mmoja. Mbuzi watatoka wapi? Siku hizi mbuzi hutoka katika simu. M-Pesa ilianza mwezi Machi 2007, na tangu hapo ng'ombe wengi wa mahari wamesafiri kutoka Nairobi hadi Siaya na Machakos bila kula majani njiani.

Wazee wengine hulaumu jambo hilo, wakisema kwamba mahari yasiyokanyaga ua hayana baraka. Wana haki kwa sehemu. Ng'ombe aliyeletwa kwa mguu aliletwa na watu, na watu hao walikula, wakaulizana majina, wakajuana. Fedha za simu hufika peke yake. Kwa hiyo jamaa wenye busara hutuma fedha kwa simu, lakini hawaachi safari.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo imesema juu ya mambo haya. Ahadi ya kuoana haimfungi mtu, wala hakuna awezaye kulazimishwa kuoa kwa kuwa alisema atafanya hivyo. Lakini aliyepata hasara kwa sababu ya ahadi iliyovunjwa aweza kudai fidia. Na pale ambapo mahari hutakiwa ili kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo tu yatosha kuwa ushahidi. Umri wa kuoa au kuolewa ni miaka 18, kwa kila mtu na kila dini. Ndoa za kimila zilianza kuandikishwa mwezi Agosti 2017. Vijana wa Kibera wangefanya vema kuyajua haya kabla ya kukopa kwa ajili ya karamu.

Mambo ya Bwana Odede na Bi. Posner yalitangulia sheria hiyo. Baina ya mkutano wao wa kwanza na ndoa ilipita miaka mitano, na miaka mitano si muda mfupi kwa watu walio katika umri wa miaka ishirini na kitu. Walikuwa wamekaa pamoja katika taabu, wakatenganishwa na bahari, wakafanya kazi moja wakiwa katika mabara mawili. Wakwe wa upande mmoja walikuwa Denver, Wayahudi kwa asili. Wa upande wa pili walikuwa watoto wa Nyanza waliolelewa Kibera. Hakuna mila iliyokuwa na njia iliyokwisha kulimwa kwa ajili ya posa kama hiyo.

Mwaka 2012 Bwana Odede alipata shahada yake Wesleyan, akateuliwa kusema mbele ya mkutano wa kuhitimu kwa niaba ya wanafunzi wenzake. Mwaka huo huo walifunga ndoa. Mwaka 2015 kilitolewa kitabu chao, Find Me Unafraid, nao wamekiandika kwa kupokezana: sura hii inasimuliwa na mume, sura ifuatayo na mke, tangu siku mgeni alipofika Kibera.